Plagi Zilizoaminiwa Bila Kufunguliwa: Uchambuzi wa Kisa cha Gari Moja la Abiria

Gari na watu wake

Kisa hiki ni cha Dar es Salaam, kwenye gereji ndogo ninayoiendesha na mafundi wawili. Majina, mtaa na namba ya gari nimeviacha nje, na mengine yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha kidogo. Vipimo na mfuatano wa mambo ni vilevile nilivyoviandika kwenye daftari la gereji.

Gari ni dogo, la milango mitano, injini ya Toyota 1NZ-FE: silinda nne, ujazo wa sisi (cc) 1,497. Anayetembea mjini anaijua hata kama hajui jina lake, maana ndiyo iliyo kwenye IST nyingi, Raum, Probox na ndugu zao. Kila silinda ina plagi yake, inayotoa cheche ya kuwasha petroli, na juu yake imekaa koili, kifaa kinachoipa plagi umeme mkali. Hakuna waya za plagi za kuchomoa kama kwenye magari ya zamani, na nadhani hilo ni sehemu ya sababu watu wanazisahau plagi zenyewe. Hazionekani. Ukifungua boneti unaona kava la plastiki tu.

Gari lilitoka Japani likiwa limetumika, dashibodi ikisoma kilomita 91,400. Mwenye gari ni mama mstaafu aliyelinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Dereva ni kijana anayebeba abiria kwa programu za simu. Makubaliano yao ni yale ya kawaida: hesabu, yaani fedha anayompelekea mwenye gari, 25,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Petroli ni ya dereva, sevisi na vipuri ni vya mama. Shikeni hapo pa petroli na vipuri, tutaparudia.

Mambo yalivyokwenda

Sevisi ya kwanza ilifanyika kwenye kilomita 96,000 na ya pili 101,000, kwa fundi mwingine: oili, filta ya oili, kupuliza ekina (filta ya hewa). Kila mama alipouliza habari ya plagi alijibiwa kwa neno la dalali aliyeuza gari: "Hizo ni iridiamu, mama. Hazifunguliwi mpaka kilomita laki moja." Iridiamu ni chuma kigumu cha kwenye ncha ya plagi, kinacholika polepole. Mama alilishika neno hilo. Tatizo ni kwamba hata kwa hesabu ya dalali mwenyewe, laki ilikuwa imeshapita siku ya sevisi ya pili. Kila mtu alikuwa akiihesabu laki kuanzia siku gari lilipoingia mikononi mwao, kana kwamba huko Japani lilikuwa limeegeshwa tu.

Kilomita 106,000 dereva akapiga simu.

"Shikamoo mama. Gari limeanza kula mafuta."

"Marahaba mwanangu. Linakula lenyewe, au kuna deiwaka analizungusha usiku?"

Simuungi mkono mama, lakini namwelewa. Dereva akilalamika mafuta, mara nyingi kinachofuata ni ombi la kupunguza hesabu. Kijana hakubishana. Alinunua daftari la shule la mistari, akawa anaandika lita na kilomita kila anapojaza tanki. Kwa kumbukumbu ya risiti zake za nyuma, gari lilikuwa linakwenda kilomita 13 kwa lita. Sasa lilikuwa 12 na linaendelea kushuka kidogo kidogo. Daftari hilo lilikuja kuwa ushahidi bora kuliko wote tuliokuwa nao, ila kwa karibu wiki sita hakuna aliyetaka kulisoma.

Kilomita 112,300, Ijumaa jioni, mvua, abiria watatu, kiyoyozi kimewashwa, anapandisha mlima wa Goba. Gari likaanza kutikisika kama lina kwikwi, na taa ya injini ikawa inapepesa. Akazima kiyoyozi, akapunguza mwendo, taa ikaacha kupepesa ikabaki imewaka tu. Akaona imetulia. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ndizo siku zenye abiria, kwa hiyo alifanya kazi siku zote tatu, akizima kiyoyozi kila palipo na mlima.

Jumatatu fundi wa barabarani akachomeka mashine ya kupima, ikasema P0303: silinda ya tatu inamisi, yaani inakosa kuwaka. Akatafuta koili ya mtumba ya shilingi 40,000, akaifunga, gari likatulia. Siku ya tisa likarudi na P0301 pamoja na P0300, yaani silinda ya kwanza inamisi na nyingine nazo zinadokoadokoa. Jibu la fundi: koili zote zimechoka, nunua seti. Mama aliposikia bei ya seti akaomba ushauri kwa jirani, jirani akamleta kwangu. Dashibodi ilisoma 113,800.

Siku tuliyozitoa

Gari lilifika saa nne asubuhi, injini ya moto. Nikamwambia kijana akanywe chai. Kichwa cha injini hii ni cha aluminiamu, na plagi ikitolewa kwenye aluminiamu yenye moto inaweza kutoka na nyuzi za skrubu za kichwa hicho. Nimeshaona kichwa kikipelekwa kwa mchonga kwa sababu ya haraka ya dakika arobaini.

Injini ilipopoa tukatoa koili, kisha tukapuliza visima vya plagi kwa upepo kabla ya kugusa chochote. Vumbi na mchanga wa barabara hukaa humo. Ukitoa plagi bila kupuliza, vinaanguka juu ya pistoni.

Koili ya silinda ya tatu, ile mpya ya mtumba, ilitoka na oili kwenye mpira wake. Hapo ndipo nilipomsikitikia yule fundi wa kwanza. Alikuwa ameitoa koili ya zamani kwa mkono wake, kichwa cha plagi kinamwangalia kutoka shimoni, na oili imekizunguka. Alibakiza boksi spana moja tu kulifikia jibu. Akarudishia.

Plagi ya tatu ilipofika mezani niliifuta kwa kitambaa nikaisogeza kwenye mwanga: K16R-U11. Hiyo si iridiamu. Ni plagi ya Denso ya nikeli, ya kawaida kabisa. Namba 16 inaeleza uwezo wake wa kutoa joto, na 11 ya mwisho ina maana ya mwanya wa milimita 1.1 kati ya ncha ya katikati na mkono wa pembeni. Hata bila kusoma maandishi, ncha inasema: ya nikeli ni nene, kama milimita 2.5, wakati ya iridiamu ni nyembamba kama sindano, 0.4 hadi 0.7. Ncha hii haikuwa na kingo tena. Ilikuwa imelika mpaka imekuwa duara, kama kichwa cha njiti ya kiberiti.

Fila geji, kipimo cha mwanya, ikatoa haya kwa milimita: silinda ya kwanza 1.6, ya pili 1.5, ya tatu 1.7, ya nne 1.6. Zote zilipaswa kuwa 1.1.

Rangi zilikuwa nzuri, na hili lina uzito wake. Ncha zote nne zilikuwa za rangi ya chai ya maziwa. Zingekuwa na masizi makavu meusi ningeutafuta mchanganyiko wenye petroli nyingi au ekina iliyoziba. Zingekuwa nyeusi zinazoteleza ningeogopa pete za pistoni. Zingekuwa nyeupe kama chaki ningefikiria petroli ndogo au joto kali. Oili ya silinda ya tatu ilikuwa kwenye kauri ya nje, juu, na si kwenye ncha. Maana yake ilitoka kwenye gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), haikutoka ndani ya injini. Na juu ya kauri hiyo palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama wa penseli, kutoka juu mpaka kwenye chuma.

Ule mstari ndio uliokuwa kiini cha kisa. Umeme wa koili, wa maelfu ya volti, unatafuta njia rahisi. Mwanya ukiwa 1.1 njia rahisi ni kuuruka. Ukipanuka mpaka 1.7, hasa injini inapobeba mzigo na mgandamizo wa ndani ukipanda, kuuruka kunahitaji volti nyingi zaidi, na koili inalazimika kuzitoa. Ikishindwa, cheche inapita nje, inateleza juu ya kauri iliyochafuka mpaka kwenye chuma. Gari linamisi mlimani na linatulia kwenye tambarare. Koili nayo, kwa kusukumwa hivyo kila siku, inaungua ndani.

Kuhakikisha, tuliihamisha koili ya silinda ya kwanza tukaiweka ya nne. Msimbo ukahama nayo: P0304. Koili hiyo kweli ilikuwa imekufa. Fundi wa barabarani hakukosea kusema koili ni mbovu. Hakuuliza tu kilichoziua.

Uamuzi wa kwanza, na kosa langu

Tulibadilisha gasketi ya tapeti kava na koili moja. Kuhusu plagi nilimpa mama njia mbili. Nikeli kama zilizokuwemo: bei ya wakati ule 12,000 kila moja, Japani hupangiwa kubadilishwa kila kilomita 20,000. Au iridiamu za maisha marefu: 45,000 kila moja, kilomita 100,000. Ufundi 15,000 kila tunapofungua. Kwa kilomita laki moja, nikeli zingekula 315,000 na iridiamu 195,000. Gari linakwenda kilomita 180 kwa siku, yaani zaidi ya elfu moja kwa wiki. 20,000 zinaisha ndani ya miezi minne na nusu. Kwa kazi ya aina hii iridiamu inalipa. Nikashauri iridiamu.

Hapa niingize jambo ambalo hata mafundi wengi wanalichanganya. Neno iridiamu kwenye boksi peke yake halimaanishi laki moja. Zipo iridiamu zenye ncha ya iridiamu katikati lakini mkono wa pembeni ni nikeli tupu. Hizo hutengenezwa kwa ajili ya kuwaka vizuri, na huko Japani maisha yake yanapangiwa karibu sawa na za kawaida. Za laki moja ni zile zenye kipande cha platinamu pia kwenye mkono wa pembeni, ili pande zote mbili zisilike. Iridiamu inayeyuka kwenye nyuzijoto 2,446, nikeli 1,455, lakini hilo halikusaidii ikiwa ncha imekaa salama na mkono unaokabiliana nayo unalika kama kawaida. Kwa hiyo hata dalali angekuwa amesema kweli, bado sentensi yake ilikuwa nusu.

Mama akamtuma mpwa wake Kariakoo. Akarudi na boksi nne zenye jina linalojulikana, 18,000 kila moja. Ilikuwa Jumamosi alasiri na gari lilitakiwa barabarani Jumapili. Maboksi yalikuwa masafi. Nikafunga.

Multimita, kipimo cha umeme, ilikuwa kwenye droo, hatua tatu kutoka nilipokuwa nimesimama. Bei yenyewe ilikuwa imeshanipigia kelele: kitu cha 45,000 hakiwi 18,000 kwa sababu mpwa anajua kupatana. Nilijiambia mteja kaleta kipuri chake, mimi nafunga tu. Fundi akisema hivyo ujue ameshatilia shaka na ameamua kunyamaza.

Kilomita 118,000 taa ikawaka kwa P0420: masega, kisafisha moshi cha kwenye eksozi, hayafanyi kazi yake. Kilomita 121,200 gari likaanza kumisi tena mlimani. Plagi "za laki moja" zilikuwa zimekwenda 7,400.

Tukazitoa. Ncha ilikuwa nyembamba, ndiyo, lakini ilikuwa imechongwa kutoka kwenye chuma kilekile cha chini. Haikuwa na mshono wa kuunganishwa. Mkono wa pembeni haukuwa na kipande chochote cha platinamu. Plagi yenye herufi R ina kizuizi cha umeme ndani, na ukipima kutoka kichwani mpaka kwenye ncha ya katikati unatarajia kama omu 5,000, zaidi au pungufu kidogo. Mbili zilisoma hivyo. Moja ilisoma sifuri, moja haikusoma kabisa. Dereva akakumbuka kwamba redio ilikuwa inakwaruza tangu zifungwe.

Uamuzi wa pili: kilomita 15,000

Safari hii nilinunua mwenyewe, kwa risiti, na nikachagua nikeli. Fundi wangu kijana alinibishia, na kwa karatasi alikuwa sahihi: iridiamu halisi bado ni rahisi kwa kilomita. Sababu zangu zilikuwa mbili. Mama alikuwa ameshatoa fedha nyingi mwezi huo na 180,000 nyingine ilikuwa mzigo. La pili, gari hili historia yake hatuijui. Nilitaka sababu ya kuifungua injini mara kwa mara na kuzisoma ncha, angalau kwa mwaka mmoja. Kama mama angekuwa na akiba na muuzaji wa kuaminika, ningerudi kwenye iridiamu bila aibu.

Ikabaki lini tubadilishe. Kilomita 20,000 ndiyo namba iliyozoeleka kwa nikeli, lakini namba hiyo inahesabu magurudumu, na plagi haihesabu magurudumu. Inahesabu cheche. Kwenye injini hii kila silinda inawasha mara moja kwa mizunguko miwili. Ikiunguruma tu foleni kwa mizunguko 700 kwa dakika, kila plagi inapiga cheche 350 kwa dakika, 21,000 kwa saa, na dashibodi haijasogea. Ikitembea kilomita 60 kwa saa kwa mizunguko kama 1,800, plagi inapiga 900 kwa kila kilomita. Gawanya: saa moja ya foleni ni sawa na kilomita 23 ambazo hakuna anayeziona.

Kijana alikadiria saa tatu kwa siku za kusimama injini ikiwa inawaka: foleni, kungoja abiria, kiyoyozi. Hizo ni kama kilomita 70 juu ya 180. Kwa hesabu hiyo, 20,000 za plagi zinafika dashibodi ikiwa imesoma 14,400 tu.

Sikuichukua hesabu hiyo kama sheria. Cheche ya kwenye muungurumo inarukia mgandamizo mdogo, haihitaji volti nyingi, na inalika kidogo kuliko ya mlimani. Kwa upande mwingine, injini inayokaa sana kwenye muungurumo inachafua ncha. Hayo mawili sina mizani ya kuyapimia. Oili ya gari hili inabadilishwa kila 5,000, basi 15,000 ni sevisi ya tatu. Ni namba ambayo dereva anaikumbuka bila kuandika, na hilo nalo ni la kuzingatia kwenye matengenezo. Tukaandika: kila 15,000 zitolewe na kupimwa; mwanya ukizidi 1.3, au sevisi tatu zijazo zikionekana zitauzidisha, zibadilishwe zote nne.

Kuzifunga tulizizungusha kwa mkono mpaka ringi ikagusa, kisha kwa spana ya kupimia nguvu, nyutoni-mita 18. Asiye na spana hiyo, kwa plagi mpya yenye ringi, nusu mzunguko baada ya kugusa inatosha. Grisi kwenye nyuzi hatukupaka. Inadanganya mkono, unakaza kupita kiasi.

Matokeo

Siku ya pili baada ya nikeli kufungwa, kumisi kuliisha, redio ikatulia. Daftari la kijana lilirudi kilomita 13 kwa lita ndani ya matanki mawili, ingawa ekina mpya tuliyoiweka siku hiyohiyo lazima ilichangia.

Kilomita 136,200 tulizitoa kama tulivyopanga. Rangi ileile ya chai. Mwanya: 1.2, 1.2, 1.25, 1.2. Kwa kipimo tulichojiwekea zilikuwa bado hazijavuka 1.3. Tulizibadilisha, kwa sababu kwa mwendo ule sevisi tatu nyingine zingezifikisha 1.3 na zaidi, na hakuna aliyetaka tena Ijumaa ya Goba.

Vipimo hivyo vilijibu pia swali la zamani. Kama kilomita 15,000 za Dar zinakula sehemu ya kumi ya milimita au kidogo zaidi, basi zile za kwanza, zilizolika kama nusu milimita, hazikulika kwa kilomita 22,400 za hapa peke yake. Zilishuka melini zikiwa zimeshachoka.

Kilichofanya kazi, kilichoshindwa

Lililotusaidia kuliko mashine lilikuwa daftari la shule. Mashine ilisema silinda ya tatu baada ya gari kuanza kutikisika. Daftari lilikuwa limesema kuna kitu karibu wiki sita kabla. Kwanza kulikuwa na mafuta, halafu kwikwi ya mlimani, halafu taa. Dereva anayeandika lita zake ana onyo la mapema kuliko kompyuta ya gari, kwa sababu kompyuta inasubiri cheche ikosekane, haijali inapopatikana kwa taabu.

Kwa nini halikusomwa? Rudini kwenye makubaliano. Anayelipa petroli si anayelipa plagi. Mama akichelewesha plagi za 48,000 hasara ya kwanza haimgusi yeye. Inamgusa dereva, lita moja na kidogo kwa siku. Na dereva akilalamika, anaonekana anatafuta upungufu wa hesabu. Kwa siku 35 za kazi, hasara hiyo ilifika kama lita 40, karibu 120,000 kwa bei ya wakati ule, na kila shilingi ilitoka mfukoni mwa mtu asiye na mamlaka ya kubadilisha plagi. Magari mengi ya hesabu yamefungwa kwenye fundo hilihili. Nilimwambia mama hivyo mbele ya kijana, na walibadilisha kitu kimoja: kila sevisi daftari la mafuta linakuja na gari, na mimi nalisoma kwanza.

Kilichoshindwa vibaya zaidi ni kuamini aina ya plagi kwa neno la mdomo. Gari lililotumika likifika, kutoa plagi moja ya pembeni, kuisoma namba na kuipima mwanya ni kazi ya robo saa. Siku ile ya 91,400 ingeonekana nikeli, mwanya umeshapanuka, na kisa kingeishia kwa 63,000 pamoja na ufundi. Badala yake, koili mbili za mtumba 80,000, hesabu ya siku nne zilizopotea 100,000, plagi bandia 72,000, mafuta ya dereva 120,000. Jumla 372,000, na masega hayamo.

Wapo wanaosema plagi isiguswe mpaka gari limisi, kwamba ukiitoa mapema unatupa chuma kizima. Kwenye pikipiki ya plagi moja isiyo na masega ningewasikiliza. Kwenye injini ya koili juu ya plagi, dalili ni gharama yenyewe: siku unayoiona, koili imeshaumia. Lakini wale wa upande wa pili, wanaobadilisha kila sevisi ya oili, nao siwaungi mkono. Kila unapofungua unazichosha nyuzi za aluminiamu na unakaribisha mchanga kisimani.

Kuhusu plagi bandia nimeweka utaratibu mmoja na hauna msamaha wa Jumamosi: kipuri cha mteja kinapimwa kwa multimita mbele yake kabla ya kufungwa. Baadhi wanakasirika. Mmoja alichukua maboksi yake akaondoka, na nilimwacha aende.

Kosa la siku zile tatu ni la dereva, na amelikiri. Taa ya injini iliyowaka tu inakupa muda wa kutafuta fundi. Inayopepesa inasema petroli mbichi inatoka silinda bila kuungua na inakwenda kuungulia ndani ya masega, kwa joto ambalo kauri yake haikuundiwa. Alipokizima kiyoyozi na taa ikaacha kupepesa, alidhani ametibu. Hakuna aliyewahi kumwambia tofauti ya taa hizo mbili, nami pia nilikuwa sijawahi kumwambia dereva yeyote mpaka anaponiletea gari limeshaharibika.

Masega ya gari hili yamevunjika ndani. Ukiligonga eksozi kwa kiganja yanalia kama kopo lenye kokoto. Mtu mmoja amempa mama bei nzuri ayatoe na kuweka bomba tupu, na bei hiyo haishangazi, maana ndani yake kuna platinamu na paladiamu. Nimemshauri asiuze, atafute mazima ya mtumba. Hadi naandika hapa hajaamua, taa ya P0420 inawaka, na kijana kila asubuhi ananitumia picha ya dashibodi kuniuliza kama imeanza kupepesa.